Jina Likisomwa, Kaa Kimya

Kwa miaka saba ya shule ya msingi niliitikia majina mawili kila asubuhi. La kwanza langu, Esteria Luhende. La pili la Agape Nashon, ambaye alikuwa ameketi ubavuni mwangu kwenye dawati hilo hilo, mzima wa afya, na masikio yake mawili, akitazama mlangoni. Mwalimu akisoma jina lake, yeye kimya. Mimi nasema, "Yupo, mwalimu." Tulichapwa kwa ajili hiyo, yeye kwa kiburi, mimi kwa kiherehere. Tukiwa darasa la tatu mwalimu mmoja aliandika barua nyumbani kwamba mtoto huyu apelekwe hospitali akapimwe masikio.

Masikio hayakuwa na shida. Alikuwa amekatazwa na baba yake.

Nasimulia haya kwa sababu nimechoka. Nina mgahawa wangu hapa Mpanda, jirani na soko, na kila Agape akija kula kwangu, akishaondoka, kuna mteja atauliza: yule nesi ni ndugu yako kivipi? Mimi Msukuma, mrefu, sauti yangu inasikika mpaka stendi. Yeye mfupi, mpole, akicheka anaziba mdomo. Nikisema ni dada yangu wanadhani natania. Basi nitasimulia mara moja tu, anayetaka kuuliza tena aagize chakula kwanza.

Baba yake anaitwa Nashon na anaishi Mishamo, kule walikopewa mashamba Warundi waliokimbia mwaka sabini na mbili. Nashon alivuka mpaka akiwa na miaka minane, kwa miguu, ameshika nguo ya mama yake. Agape hajawahi kukanyaga Burundi. Amezaliwa Mishamo, na mama yake, marehemu Dafrosa, alilelewa Mishamo. Lakini ndani ya nyumba yao walisema Kirundi, wakasali Kirundi, na wakala chakula chao ndani, mlango umefungwa, kama watu wanaofanya jambo la siri.

Baba yangu ni Luhende. Alitoka Maswa na ng'ombe wake, akatafuta malisho miaka mingi, akaishia Mwamkulu, hapa nje kidogo ya mji. Katika safari zake za kuswaga ng'ombe alipita Mishamo akashikwa na homa, akaanguka kwenye shamba la maharage la mtu asiyemjua. Mwenye shamba alikuwa Nashon. Badala ya kumfokea kwa maharage yaliyokanyagwa alimfunga kwa kamba kwenye baiskeli asianguke, akamsukuma hadi zahanati, akarudi kuwalinda ng'ombe wa baba siku nne. Baba alipopona hakutoa asante ya maneno. Alisema tu kwamba kuanzia siku ile Nashon ana kwake Mwamkulu.

Nashon alikuja kudai haki yake hiyo mwaka elfu mbili na tano. Alimleta binti wa miaka saba akaomba akae kwetu, maana alitaka asome mjini. Baba akakubali. Ndipo Nashon akaweka sharti, na kwa sharti hilo mimi leo najua kusoma. Alisema mwanawe hatakwenda shule peke yake, aende na binti wa nyumba hii. Kwa baba, binti alikuwa wa kuchunga ndama na baadaye kuolewa. Alikuna kichwa, akamtazama mwenzake, akasema haya. Kwa hiyo nikivuliwa kila nilichonacho, itakayobaki ni shule, nayo nilipewa na Mrundi.

Siku aliyoletwa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Bibi yangu, aliyekuwa hai bado, alikataa kabisa kulitamka jina la Agape. Akasema mtoto aliyekuja na mvua ni Kabula, basi. Tangu hapo nyumbani kwetu alikuwa Kabula, na ng'ombe wenyewe walimjua kwa jina hilo.

Wiki ya kwanza alilia kila wakati wa chakula. Kwetu tulikula nje, na mtu yeyote aliyepita njiani aliitwa anawe mikono. Agape alikuwa akichukua michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anakwenda kuila nyuma ya ghala, akigeukia ukuta. Mama alidhani anatuona wachafu. Mimi nilidhani ni mchawi. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akipiga magoti kuwasalimu wazee kuliko mimi niliyezaliwa nalo goti, na kuwatukana ng'ombe kwa Kisukuma hadi wachungaji wakubwa wanacheka. Kisha likizo inafika, anarudi Mishamo, na huko wanamcheka kwa namna anavyotamka Kirundi, wanamwita Msukuma. Akirudi shule kuna watoto wanamwita mkimbizi. Nilipigana mara tatu kwa sababu ya neno hilo. Yeye hakupigana hata mara moja. Alikuwa akinishika mkono na kunivuta, na hilo liliniudhi kuliko tusi lenyewe.

Kuhusu kutoitikia jina, aliniambia ukweli tukiwa darasa la sita, tunachunga ndama. Baba yake alipokuwa mdogo kule Burundi, watu wenye bunduki walikuja shuleni kwao na karatasi. Wakasoma majina. Kaka yake mkubwa, Candide, alikuwa mwanafunzi mzuri. Jina lake liliposomwa alisimama wima kama walivyofundishwa, mikono mapajani, akasema, "Nipo." Akatoka nje na wenzake waliosomwa, wakapandishwa lori. Nashon alikuwa dawati la nyuma. Jina lake halikuwemo kwa sababu alikuwa mdogo mno.

Siku alipomwacha Agape kwetu alimwambia maneno mawili matatu tu. Wakisoma jina lako kwenye karatasi, kaa kimya kwanza. Mtazame nani anasoma.

Nilipoyasikia hayo nilinyamaza. Na mimi kunyamaza si kazi ndogo. Tangu siku ile niliitikia "Yupo" kwa moyo wote, hata viboko sikuvihesabu.

Mimi niliachia kidato cha pili. Agape aliendelea, akasoma uuguzi, akarudi Mpanda na cheti chake. Miaka miwili alijitolea kwenye zahanati akipewa nauli tu, mpaka mwaka juzi nafasi ya ajira ikatoka na jina lake likawa miongoni mwa waliopita. Kilichobaki ni namba ya kitambulisho cha taifa, nayo ipelekwe kabla mwezi haujaisha. Kitambulisho hakuwa nacho. Alikuwa akiahirisha mwaka hadi mwaka, kila mara na sababu mpya, nami nilikuwa nikimwita mvivu.

Siku ya Alhamisi alikuja Mwamkulu bila taarifa. Mimi pia nilikuwa nyumbani, nimekwenda kuchukua mchele. Alipiga magoti mbele ya baba, akakaa hivyo hivyo chini, hakutaka kigoda. Alisema fomu yake imepokelewa. Alisema Jumamosi kutakuwa na mkutano wa kijiji, maofisa watakuja, majina ya walioomba yatasomwa hadharani, na kila mmoja atasimama na mzee mmoja anayemjua. Mwenye pingamizi aseme papo hapo. Yeye ameandika Mwamkulu kwa kuwa ndipo alipokulia, na mzee aliyemwandika ni Luhende.

Baba akasema hilo halina shida.

"Baba, nimeandika mimi ni Muha," Agape akasema. "Nimezaliwa Kasulu."

Hii habari ya Uha sikuwa nimeisikia kwake, ingawa nilijua ipo. Watu wengi wa Mishamo walijifunza zamani kwamba wakiulizwa kwao wajibu Kasulu kwa Waha, kwa kuwa lugha zinakaribiana na sura hazitofautiani. Waha wenyewe wakijua wamepata ndugu wangapi bila kuzaa, watashangaa. Nashon ndiye aliyemwelekeza aandike hivyo. Na ndiyo, walikuwa wamepewa uraia, familia nzima, miaka mingi iliyopita, pamoja na maelfu wengine. Agape alikumbuka mama yake akiimba siku hiyo. Lakini cheti, Nashon alisema, kiliungua na nyumba ya nyasi. Bila cheti ataonyesha nini? Afadhali Kasulu, ambako hakuna anayedai karatasi.

Baba alitazama mlangoni. Nje ndama walikuwa wanalia.

"Kabula, mimi nimeuza ng'ombe kwa mdomo miaka arobaini," alisema hatimaye. "Hakuna karatasi. Nikisema dume hili halina ugonjwa, mtu anaondoka nalo. Sasa Jumamosi unataka nisimame mbele ya watu hao hao niseme nini?"

Agape aliinamisha kichwa. Akasema kama haiwezekani hatamlaumu.

"Sijasema haiwezekani. Nitasimama."

"Utasema nini, baba?"

"Nimesema nitasimama."

Akachukua fimbo yake akaenda kwenye zizi.

Nilimfuata Agape jikoni, na nakiri nilikuwa na hasira. Hasira ya baba yangu kuombwa uongo uzeeni ilikuwepo. Ila iliyoniuma zaidi ilikuwa yangu mwenyewe. Miaka yote ile nilimpa nusu ya mkeka wangu na nusu ya mama yangu, halafu akatafuta kabila la kuandika, akaenda kuchukua la watu asiowajua. Nikamuuliza Uha ameununua duka gani.

Alikuwa anaosha sufuria. Hakuinua macho.

"Wewe hujawahi kuulizwa," akasema. "Tangu uzaliwe, Esteria, hujawahi kuulizwa hata siku moja."

Nikachukua mchele wangu nikaondoka bila kumuaga, na njia nzima nilijichukia.

Ijumaa nilirudi. Nashon naye alikuwa amefika kutoka Mishamo kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa amevaa koti zito jeusi, lile analovaa kanisani, na jua lilikuwa kali la Septemba. Mama akamwomba alivue likung'utwe vumbi, akakataa. Walikaa na baba chini ya ukingo wa paa bila kusemezana sana. Baba alimuuliza kwa upole kama kweli cheti kiliungua.

"Kiliungua," Nashon akasema, akiitazama miguu yake.

Baba akaitikia kwa kichwa. Lakini mimi ni mtu wa kutazama wateja, namjua mtu aliyekula akasema hajala. Nilimtazama yule mzee jioni nzima. Mkono wake wa kulia haukutoka kifuani.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule, kwa sababu pingamizi ni burudani kama haikuhusu. Meza iliwekwa mbele ya darasa la kwanza, lile lile tulilosomea. Ofisa aliyeongoza alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, mpole. Upole wake ndio ulioniogopesha. Mtu mkali unajua atakupiga wapi. Alieleza utaratibu kwa sauti ya kawaida, akafungua jalada, akaanza kusoma.

Niligeuka kumtafuta Nashon. Alikuwa nyuma ya watu wote, kwenye simtanki la maji la shule, ameupa mkutano mgongo, viganja vyote viwili juu ya masikio.

Majina yalikwenda. Mtu anasimama, mzee wake anasimama, maswali mawili, wanakaa. Mmoja aliulizwa jina la bibi yake akalisahau, watu wakacheka, na hata yeye akacheka. Agape alikuwa kati yangu na baba. Nilisikia anavyovuta pumzi.

"Agape Nashon."

Kimya.

"Agape Nashon yupo?"

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Yupo," nikasema, kwa sauti ya darasa la tatu. Waliosoma nasi wakaangua kicheko. Ofisa alitabasamu kidogo, akasema ni vizuri yupo, ila asimame mwenyewe.

Agape akasimama. Ofisa akasoma: kabila Muha, amezaliwa Kasulu, amekulia Mwamkulu, shahidi mzee Luhende. Baba akainuka taratibu, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Mzee, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu. Ni mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Mwanangu. Anaitwa Kabula."

Minong'ono ikaanza. Nilimwelewa baba papo hapo. Siku mbili alikuwa amewaza, akapata njia: atasema ukweli wa kwake, asiuguse uongo wa Nashon. Mbele ya wazee wenzake kauli ile ingetosha, maana kwetu mtoto ni wa aliyemlea na jina ni la aliyekuita. Lakini mbele ya jalada alikuwa amemgawa mtu mmoja akawa wawili.

Ofisa alifunua karatasi moja, akarudisha. Akauliza Kabula ni nani, na huyu Nashon aliyeandikwa kuwa baba ni nani, na kama mzee anasema mtoto ni wake, Msukuma na Muha wamekutana wapi. Hakuwa na dhihaka. Alikuwa anataka kujua. Kutoka pembeni mtu akasema kwa sauti kwamba walikwisha kusema siku nyingi, yule ni mkimbizi. Nikageuka nikamwambia jambo kuhusu mama yake ambalo sitalirudia hapa. Mwenyekiti wa kijiji akaninyooshea kidole.

"Mzee wangu," ofisa akasema, "mimi nakuuliza jambo moja tu. Huyu ni Muha wa Kasulu, ndiyo au siyo? Ukisema ndiyo, naandika, naendelea na jina linalofuata."

Hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Neno moja, na Agape ana namba, ana ajira, ana mshahara na kitanda chake mwenyewe. Uwanja mzima ulijua Luhende hasemi uongo, kwa hiyo neno lake lingemaliza. Nilimwona baba anavua kofia. Baba yangu akivua kofia hadharani anakwenda kufanya jambo analolichukia; mara ya mwisho nilimwona hivyo ni alipomzika bibi. Alilowesha midomo.

"Ndi..."

"Siyo," Agape akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini uwanja ulikuwa kimya na wote tulisikia. Kisha akamshika baba mkono, akamketisha kama mtu anayemketisha mgonjwa, akageuka mbele.

"Mimi si Muha. Kasulu sijawahi kufika. Baba yangu ni Mrundi wa Mishamo, walipewa uraia na mimi nikiwemo. Nimezaliwa Mishamo, nimelelewa hapa. Huyu mzee ananiita Kabula kwa sababu ndiye aliyenilea. Nimeandika uongo, yeye hakuuandika."

Ofisa aliweka kalamu mezani. Akamuuliza kama anajua aliweka sahihi kwenye sentensi gani chini ya fomu ile. Agape akasema anajua, inasema yote aliyoyaandika ni kweli. Ofisa akasema basi fomu hiyo inafutwa, na kuanza upya hakutawahi mwisho wa mwezi. Na uongo katika fomu ile ni kosa, huenda jambo lisiishie kwenye kufuta. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Kisha akauliza cheti cha uraia cha baba yake kiko wapi.

"Kiliungua."

"Nani aliona kikiungua?"

Agape akageuka kumtafuta baba yake. Nilipogeuka nami, Nashon alikuwa ameshusha viganja masikioni.

Watu wa nyuma walianza kupisha. Nashon alikuwa anakuja. Alitembea polepole katikati ya njia waliyomfungulia, na jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. Alipofika mezani alifungua koti. Kutoka ndani, upande wa moyo, alitoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, na harufu ya nta ikatufikia hata sisi tuliokuwa nyuma yake. Tulikuja kujua baadaye kwamba cheti kile chenye majina yao kilikaa miaka yote kwenye mzinga mkuukuu juu ya dari yake, maana hakuna mtu anayeingiza mkono kwenye mzinga kutafuta karatasi.

"Hakikuungua," akasema.

"Data," Agape akasema. Ndivyo wanavyomwita baba kwa lugha yao.

Ofisa akanyoosha mkono kupokea. Nashon hakuachia. Walishika karatasi wote wawili, yeye upande mmoja, ofisa upande mwingine, na sijui ilikuwa muda gani.

"Mama, kisome," Nashon akasema. "Kwa sauti, kama ulivyosoma ya wengine."

Yule mwanamke alimtazama. Sijui aliona nini, hakuwa amesimuliwa lolote. Lakini aliinuka kwenye kiti, na wengine wote alikuwa amewasoma akiwa ameketi.

"Nashon Bigirimana."

Mzee yule wa miaka karibu sitini alijinyoosha. Akaweka miguu yake pamoja, mikono mapajani, kidevu juu, kama mtoto wa shule.

"Nipo," akasema.

"Dafrosa, mke."

"Marehemu."

"Agape, mtoto."

Nilikwisha kufungua mdomo. Agape akanikanyaga mguu, kwa nguvu.

"Nipo," akasema mwenyewe.

Tulivyotoka pale, baba alimtukana Nashon njia nzima hadi nyumbani. Alimwambia alikuwa tayari kwenda motoni kwa ajili yake, kofia mkononi, kumbe karatasi iko kwenye koti inapata joto. Nashon alikuwa anacheka na kufuta macho kwa pamoja. Mama alipika, tukala nje, Nashon naye akala nje, ingawa aliketi ameutazama ukuta.

Sitasema mambo yalinyooka. Ajira ile ilimpita Agape. Jumatatu alikwenda na baba yake kuandika fomu mpya, akaonywa vikali, na mwezi ukaisha kabla ya namba kutoka. Agape alilala kwangu siku mbili bila kula, nami niliudhika na kila aliyenunua chai. Kwenye fomu mpya kulikuwa na nafasi ya majina mengine unayojulikana nayo. Aliandika Kabula. Sikumwomba, na sikumwambia kwamba niliona.

Nafasi nyingine ilitoka mwaka uliofuata, akaipata. Sasa yuko zahanati moja upande wa Majimoto, na mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nilimkuta na daftari la wagonjwa, anaita majina, benchi limejaa akina mama. Kuna jina alilisoma, mtu hakuitikia. Mhudumu mwenzake akamwambia aliruke, watu wengi mno. Agape alilisoma tena, kwa sauti ya chini zaidi. Kisha akaweka daftari mezani, akainuka, akapita kwenye benchi akimtazama mmoja mmoja usoni hadi alipompata, mwanamke amejifunika kanga, amekaa karibu na mlango. Akaketi pembeni yake kwanza, ndipo akamuuliza anaumwa nini.